Moshi unapokosa pa kutokea

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodhani hewa chafu ni shida ya Delhi na Beijing tu. Huku Salt Lake City, Marekani, tunakoishi wengi tuliotoka Kongo na Burundi, kila kipupwe kuna siku ambazo milima ya Wasatch haionekani, na iko pale pale mlangoni.

Magari hayaongezeki ghafla siku hizo. Mgandamizo mkubwa wa hewa hutulia juu ya bonde, upepo ukakata, theluji ikapoza hewa ya chini huku yenye joto ikikaa juu yake. Hewa baridi ni nzito, haipandi. Milima ya Wasatch mashariki na ya Oquirrh magharibi inaizuia isitoke. Moshi wa magari, majiko ya kuni na viwanda hubaki humo kama mvuke wa sufuria iliyofunikwa, hadi dhoruba ije kuufagia. Ukipanda Alta wanakoteleza kwenye theluji unakuta jua, tena joto kuliko mjini! Ukitazama chini, bonde zima ni kijivu.

Serikali ya jimbo hupiga marufuku kuni siku hizo. Vyema. Lakini mbona nje ya shule wazazi wanasubiri watoto injini zikiunguruma, moshi ukitoka usawa wa pua za watoto wenyewe?

London, Desemba 1952, hali kama hii ilidumu siku 5 ikaua maelfu. Sheria ya hewa safi ikaja 1956. Jamani, zimeni injini, na wenye pumu msikimbie nje asubuhi.

Msomaji wenu,
Salt Lake City