Mteremko wa kanisani usiwe pambo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na kamati za ujenzi za makanisa yetu hapa Tabora.

Makanisa mengi siku hizi yanaweka mteremko wa kitimwendo, na hilo linanifurahisha sana. Shida ni kwamba mara nyingi zege linamwagwa juu ya ngazi na kufuata ukali wa ngazi zenyewe. Mwenye kiti hawezi kupanda peke yake, na akishuka kiti kinamtupa mbele. Mwishowe vijana wanambeba juujuu, mtu mzima, waumini wote wakitazama. Wale wanne wa Injili ya Marko waliombeba mtu aliyepooza walitoboa dari kwa sababu umati ulikuwa umeziba mlango. Hapa kwetu mlango tumeujenga wenyewe.

Kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha 45, basi mteremko uwe mita 5.4. Kiwanja kikibana, upitisheni ubavuni mwa jengo na kukunja kona, na penye kona muache tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5. Mlangoni vilevile, maana pasipo tambarare mtu anahangaika na kitasa huku kiti kikirudi nyuma. Upana mita 1.2, kingo za sentimita 10 pande zote mbili gurudumu lisichomoke. Msipige niru, ile saruji laini inayoteleza! Pitisheni ufagio mgumu zege likiwa bado bichi, mistari ikatize njia. Na chini kabisa, mvua ikichimba udongo hubaki kidato cha sentimita tano hivi, ambacho kinatosha kugomesha magurudumu madogo ya mbele. Malizieni kwa jamvi la zege na mfereji pembeni.

Ndani, fupisheni benchi moja la katikati kwa sentimita 90, mwenye kiti akae na familia yake.

Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa na Kanisa Katoliki hapahapa Tabora mwaka 1963, hivyo inauma kuona kiziwi akikaa ibada nzima bila mkalimani. Mkalimani asimame karibu na mhubiri, asiwe na dirisha mgongoni, kwa kuwa uso ukiingia giza nusu ya maneno inapotea. Apewe masomo na nyimbo mapema. Ibada ikiwa ndefu wawe wawili, wapokezane kila baada ya dakika 20.

Choo nacho kisisahaulike: mlango wa sentimita 90 unaofungukia nje, na bomba la kushikia ukutani. Kikikosekana, mtu anaacha chai ya asubuhi ili avumilie mpaka ibada iishe.

Fundi akija kupima, mwiteni na mwenye kitimwendo apime pamoja naye, kabla saruji haijanunuliwa.

Fundi ujenzi,
Ipuli, Tabora