Kamera ya monasteri na mahali pake

Ndugu Mhariri,

Kila inaposambaa mtandaoni video ya watawa wa ndani, wale wasiotoka monasterini, wakiimba Masifu, yaani sala rasmi za Kanisa za kila siku, hawakosekani waamini wa kulalamika kwamba masista hao wamevunja ugo, yaani kanuni ya kujitenga na ulimwengu. Naomba nafasi nieleze kwa nini lawama hiyo haina msingi, na hatari ya kweli iko wapi, maana ipo.

Papa Fransisko alitoa Katiba ya Kitume Vultum Dei Quaerere mwaka 2016, na hati ya utekelezaji wake, Cor Orans, ikafuata mwaka 2018. Hakuna hata moja kati ya hizo, zinazohusu maisha ya watawa wa ndani, inayokataza mitandao. Zinadai kiasi na busara, ili ukimya wa monasteri usijae habari na kelele, na matumizi ya mitandao yafuate maamuzi ya kapitulo, yaani mkutano wa watawa wa jumuiya. Si jambo la sista mmoja na simu yake chumbani. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu aliishi ndani ya Karmeli ya Lisieux, monasteri ya Ufaransa, hadi alipofariki mwaka 1897, lakini barua zake zilimfikia Maurice Bellière, aliyejiunga na Mapadre Weupe, shirika la wamisionari, na baadaye kufanya utume Nyasaland, Malawi ya leo. Teresa aliandika kwa ruhusa ya mkuu wake. Mama Angelica naye, mtawa wa ndani wa shirika la Waklara wa Kuabudu, alianzisha televisheni ya Kikatoliki ya EWTN mwaka 1981 katika gereji ya monasteri yake huko Irondale, Alabama.

Kinachoamua kama ugo umevunjwa ni kamera inawekwa wapi. Kanisa la monasteri huwa na upande wa watu na upande wa kwaya ya watawa. Kamera ifungwe upande wa watu, ielekee altare, isiguswe tena. Hapo anayetazama akiwa Tabora au Mombasa anaona kile kile ambacho angekiona akiwa amekaa kwenye benchi, wala hapati zaidi. Vyumba vya kulala, chumba cha chakula na bustani ya ndani havina sababu ya kuonekana, hata kwa nia ya kuvutia miito.

Sauti ndiyo inayoharibika mara nyingi. Zaburi huimbwa kwa kupokezana, upande mmoja wa kwaya aya hii, upande wa pili aya inayofuata, na katikati ya aya, penye alama ya nyota, wote hunyamaza kidogo. Kipaza sauti kimoja kikiwekwa nyuma ya kanisa la mawe huokota mwangwi mtupu. Vinahitajika viwili, kimoja kila upande, karibu na waimbaji. Halafu ule mpangilio wa kupunguza kelele uliomo katika programu nyingi uzimwe: huchukulia noti ndefu ya kinanda kuwa kelele, ukaikata, na sauti nyororo za masista wazee zikapotea kabisa. Baada ya Sala ya Usiku, ukimalizika wimbo mfupi wa Bikira Maria (antifona), matangazo yazimike yenyewe kwa saa iliyopangwa. Kimya Kikuu, ukimya wa usiku wa monasteri, kimeanza, na sista anayebaki amepiga magoti kanisani hasali kwa ajili ya watazamaji.

Wala picha si lazima. Masista Wabenediktini wa Jouques, kusini mwa Ufaransa, waliwekewa vipaza sauti kanisani, na nyimbo zao za Kigregori zikarekodiwa kwa miaka mitatu kwa ajili ya Neumz, programu ya kusikiliza nyimbo hizo. Kwa wasikilizaji wetu wanaonunua bando kidogo kidogo, sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula takriban MB 29 kwa saa; video ya megabiti moja kwa sekunde inakula MB 450. Ningefurahi kuona monasteri za kwetu zikianza na sauti tu.

Anayefuata Masifu kutoka Ireland au Uingereza akumbuke kwamba saa moja asubuhi kule ni saa nne kwetu wakati wa baridi, na saa tatu wakati wa kiangazi. Saa zao hubadilika mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, ndipo watu hukuta kanisa tupu wakadhani mtambo umeharibika. Monasteri nayo itaje kila siku ni juma la ngapi kati ya manne ya Zaburi. Bila hivyo mlei aliyefungua kitabu chake atakuwa ukurasa mwingine hadi mwisho. Na nyumbani fungueni simu moja tu. Matangazo hufika kwa kuchelewa tofauti katika kila simu, aya ikasikika mara mbili.

Sehemu ya maoni ifungwe. Inamvuta sista ajibu, ahesabu waliopenda, arudi kuangalia tena, na saa ya sala ya kimya inaliwa hapo. Maombi ya watu yapitie anwani moja ya barua pepe, sista mmoja ayasome kwa saa iliyopangwa na kubandika orodha ya maombi hayo kwenye kwaya, ndani. Unapotuma ombi lako, andika jina la kwanza na nia kwa sentensi moja. Usiweke namba ya simu ya mgonjwa, wala majibu yake ya maabara.

Jihadharini pia na akaunti za kughushi zinazotumia picha za masista. Ujumbe wa faragha unaokuomba pesa kwa simu, eti monasteri imekwama, usiujibu. Ulizia kwanza ofisi ya jimbo husika kama nyumba hiyo ipo na kama sadaka inapokelewa kwa namba hiyo.

Msomaji wenu,
Morogoro