Mwanangu, Kuku wa Mayai Sitaki

Mpendwa mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Buruburu. Sisi huku tu wazima, ila jua ni kali kwelikweli. Ule mpango wako wa kuku wa mayai niliupata, pamoja na picha za vizimba na hesabu ya faida. Nimeusoma wote, hata pale ulipoandika bei ya chanjo. Najua umeufanya kwa mapenzi. Lakini kuku sitaki, mama. Nyumba za kupangisha Kitengela pia sitaki, na matatu ndiyo kabisa. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo, wewe ushafika kwenye chakula cha vifaranga.

Mwakani, Mungu akijalia, nafikisha miaka 60 na naondoka ofisini. Kila ninayekutana naye ananiuliza, "Sasa utafanya nini?" Majirani wananiuliza, kina mama wa kanisani wananiuliza, juzi hata kondakta wa matatu ya asubuhi kaniuliza huku akinirudishia chenji. Utadhani mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri miaka yote hii kuiwahi foleni ya Jogoo Road anakosa la kufanya akiachiwa alale. Mimi langu ninalo. Nitashona.

Na ninavyokujua, hapo ushaanza kufikiria sare za shule na magauni ya harusi, na tutauza kwa ngapi. Hapana. Nashona mablanketi ya viraka, na siuzi.

Msimu wenyewe ndio huu. Kuanzia Januari hadi mvua ndefu zianze kushuka mwishoni mwa Machi, Nairobi inakauka, vumbi linaingia mpaka kwenye sukari, na kitambaa ukikianika saa tatu, saa sita unakitoa kikavu. Kitenge kipya lazima kifuliwe kabla ya kukatwa. Kinatoka dukani kikakamavu kwa ile dawa ya kiwandani, kinatoa rangi, na pamba hurudi ikipata maji. Ukishona kwanza ufue baadaye, kila kipande kinarudi kivyake na blanketi zima linajikunja. Shida ni maji tu, maana ya mfereji yanakuja kwa zamu. Siku yakija, nguo zenu zilikuwa zinafuliwa kwanza. Sasa nyinyi hampo, vitenge ndivyo vinavyotangulia. Navianika upande wa ndani ukiwa nje, kwa sababu jua la Februari halichagui rangi, linakula zote.

Kitambaa cha chini nakitoa Gikomba, mashuka ya mitumba. Shuka la pamba tupu lililofuliwa miaka mingi kwa watu huko ng'ambo ni laini kuliko lolote la dukani, na bei yake ni ya kucheka. Lakini muuzaji atakuapia kwa jina la mama yake kwamba kila shuka ni pamba. Mimi nachomoa uzi mmoja ukingoni, nauwasha kwa kiberiti palepale mbele yake. Pamba inaungua ikinuka karatasi, na ukiishika inabaki jivu la kusagika vidoleni. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha kidonge kigumu cheusi. Yule kijana ninayenunua kwake alikuwa ananicheka. Siku hizi akiniona nashuka ngazi anapiga kelele, "Mama Kiberiti amefika!" na yale ya poliesta anayasukuma kando mwenyewe.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, ujue kwa nini jioni sipokei simu. Nakata miraba ya inchi nne na nusu. Mshono unakula robo inchi kila upande, kwa hiyo mraba ukishaungwa unabaki inchi nne kamili. Hiyo robo inchi haina mzaha. Ukiizidisha unene wa uzi tu, kwenye miraba miwili huoni kitu, ila ukifika wa kumi na tano safu hii ni fupi kuliko ile, na huna pa kuificha. Halafu kuna pasi. Safu ya kwanza mishono nailaza kulia, ya pili nailaza kushoto. Nikiziweka pamoja, nikipapasa kwa kidole gumba, nasikia mishono ikikutana na kukaa, mmoja huku mwingine kule, hakuna mwinuko. Hapo hata pini sitii. Napitisha chini ya sindano, nafungua, na pembe nne zimekutana sawasawa. Raha ya kitu hicho, mwanangu, siwezi kukuandikia.

Katikati naweka blanketi kuukuu, kwa sababu sponji za dukani hujikusanya baada ya kufuliwa mara chache. Kisha natia mshono wa kushikanisha tabaka zote tatu, nikianzia katikati kwenda pembeni ili mikunjo isukumwe nje. Nashonea ile cherehani ya miguu ya nyanya yako. Stima ikipotea, majirani wanalalamika, mimi naendelea kukanyaga.

Na leso za nyanya yako nimezitoa kwenye sanduku. Usishtuke. Zile za kiunoni alizofanyia kazi shambani zilikuwa zimeshaisha katikati, lakini pindo bado zina nguvu. Nimekata pindo peke yake kuzungushia ukingo. Jina la leso silikati. Kila moja nimelitoa zima na kulishona upande wa nyuma, pale miguu inapokaa. Moja linasema "Mvumilivu hula mbivu". Utacheka, maana unajua nyanya yako hakuwa mvumilivu hata kidogo.

Turudi kwa pesa, kwa sababu najua hutalala bila hesabu. Tangu 2009, serikali ilipotupandishia sisi watumishi wake umri wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60, nimekuwa na muda wa kutosha wa kuipiga. Ule mpango mpya wa pensheni wa Januari 2021, wa kuchangia kutoka kwenye mshahara, haukunilazimu. Nilikuwa nimeshavuka miaka 45, nikabaki kwenye wa zamani. Kwenye huo wa zamani, kila mwezi uliotumikia unakupa sehemu moja ya 480 ya mshahara wa msingi. Mwenye miaka 30 kazini ana miezi 360, basi pensheni yake ni robo tatu ya mshahara wa msingi. Marupurupu ya nyumba hayamo, hapo ndipo wengi wanapoduwaa. Robo ya hiyo pensheni unaweza kuichukua kwa mkupuo, na kinachobaki kinakuja kila mwezi mpaka siku yako.

Huo mkupuo ndio unaoleta kuku. Hapa ofisini yuko mzee alistaafu akauweka wote kwenye matatu moja yenye muziki mkubwa na taa za rangi. Dereva alikuwa mpwa wake. Sasa mzee anakuja kwetu kunywa chai saa nne, na hatumuulizi habari za gari. Mimi wangu utamaliza deni la sako, utabadilisha mabati ya nyumba ya nyanya yako, na utakaobaki utakaa mahali pa kuchosha sana penye riba ndogo. Pensheni ya kila mwezi itanitosha. Sina mtoto wa kulipia karo, na kitenge si ghali.

Usinielewe vibaya, sijakataa kazi. Nimeikataa ile ya kuniamsha usiku kuangalia kama kuku wanakohoa. Barua yangu ya kuajiriwa na ile ya kuthibitishwa kazini nimeshazipata, ziko kwenye faili la kijani juu ya kabati, ujue zilipo. Ukitaka kunisaidia, nitafutie taa nzuri ya mezani, kwa sababu saa moja jioni giza limeshaingia na uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi hauonekani.

Na la mwisho. Blanketi lako nataka liwe tayari kabla ya Julai, baridi isikukute hivi hivi. Pima kitanda chako kwa inchi, urefu na upana, na unene wa godoro usiusahau, kwa sababu blanketi lazima lishuke pembeni. Uniambie pia kama yule mwenzako anapenda rangi ya machungwa, maana ninayo nyingi.

Ni mimi mama yako anayekupenda.