Yale meno ya papa ulonitumia picha

Yakhe Sele,

Assalam aleykum. Natumai hapo Jambiani nyote wazima, sisi huku Wete alhamdulillahi, mama anakusalimu sana na anauliza lini unakuja.

Picha nimezipata zote na nimezitazama jana usiku mpaka chaji ikaniishia. Kakaako kaokota vitu vya maana huko Florida, ule ufukwe wa Venice watu wanakwenda makusudi kutafuta meno ya papa ya zamani, bahari inayatoa chini na kuyatupa mchangani. Lakini huyo aliyemwambia kuwa jino likiwa jeusi zaidi ndo la kale zaidi, hapo simkubalii hata kidogo. Rangi inatokana na madini ya pale jino lilipozikwa, basi. Jino la papa yuleyule likilala kwenye udongo mwengine linatoka kijivu au la kahawia, kwa hivyo rangi haikwambii umri wala haikwambii papa gani.

Kitu cha kutazama ni mzizi na makali. Lile kubwa la pembe tatu, ukivuta picha ya upande ulokuwa unaelekea ndani ya mdomo, utaona baina ya mzizi na sehemu inayong'ara pana mkanda mpana hivi, umepinda kufuata mzizi, hauna ule mng'ao. Mkanda ule ndo ulonifurahisha, kwa sababu papa mkubwa mweupe wa siku hizi hana. Halafu vijino vya kwenye makali ni vidogo vidogo na vimelingana, wakati vya papa mweupe ni vikubwa na havijapangika sana, na jino lenyewe huwa jembamba ukilitazama ubavuni, hili la kakaako nene. Mie nasema ni la megalodoni, yule papa mkubwa sana wa kale. Asivunjike moyo kuwa ni dogo kwa megalodoni, yapo yanayopita sentimita 15 lakini papa yule alikuwa na watoto pia na alikuwa na meno madogo huko nyuma ya taya. Wametoweka kama miaka milioni 3.6 ilopita, kwa hiyo jino haliwezi kuwa jipya kuliko hapo, na hilo tunalijua bila ya kutazama rangi.

Lile lilopinda lenye pengo upande mmoja, chini ya pengo pana vijino vikubwa, hilo ni la jamaa za papa yule mwenye mistari kama chui milia, ambaye mpaka leo yupo baharini kwetu. Yale membamba madogo nayaacha, ncha zimevunjika na mizizi haipo, mtu akikutajia jina la jino kama lile usimuamini.

Sasa kile kidude cha mviringo alichosema ni mfupa wa nyangumi. Sele, wewe umekula papa tangu utotoni! Ni pingili ya uti wa mgongo, ileile tunayoitema kwenye mchuzi, kama kitumbua kilobonyezwa kwa kidole gumba huku na huku. Papa hana mfupa, ana gegedu, na gegedu linaoza haraka, ndo maana mwili wake mzima hauonekani sana kwenye mawe, lakini pingili zinaingia chokaa akiwa hai kwa hivyo zinadumu. Picha imetuonesha uso wake tu, na uso wa pingili zote unafanana, habari yote iko ubavuni. Ukikuta ubavu umejaa, mgumu, una matundu mawili mawili tu yalipokuwa yanashikia gegedu, hao ni jamaa ya papa wengi tunaowaona dikoni. Ukikuta vibati vyembamba vingi vimesimama vimepishana na mianya, hao ni upande wa papa mweupe na megalodoni. Na kama ina visiki vya miba vimevunjika juu na chini basi si papa, ni samaki wa mifupa. Zaidi ya hapo pingili moja haikupi jina kamili, hata kwa mtaalamu.

Kwa hivyo mwambie anipigie picha za ubavu, aweke rula pembeni, mwanga utoke upande mmoja ili vijino vionekane, asitumie flash. Jino alipige mbele na nyuma. Asilipake vanishi wala asilitie siki, siki inakula mzizi. Na kila moja aandike kaliokota wapi, maana akichanganya yote kwenye kopo moja ushahidi umepotea.

Alafu ukipata nafasi msomee habari ya Steno, yule tabibu wa Denmark, mwaka 1666 aliletewa kichwa cha papa alovuliwa karibu na Livorno, akakipasua pale Florence, akaona meno yake yanafanana na yale mawe watu wa Ulaya waliyokuwa wakiyaita ndimi za nyoka. Kayatazama yote mawili mkononi akasema haya ni meno. Kakaako naye anafanya kazi ileile, na mie naipenda sana kazi hii, asiiache.

Nasubiri picha za ubavu, nitumie hata usiku.

Wako,
Haji