Rangi inayorushwa na spika haihitaji kamera ya bei mbaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niongelee zile picha za rangi iliyowekwa juu ya spika ikarushwa na mlio, nyekundu na njano na buluu zimesimama hewani hazijagusana. Kila zikitokea mabishano ni yaleyale, huyu anasema hiyo ni akili mnemba, yule anasema hapana, hiyo ni kamera ya bei mbaya ambayo sisi tutaisikia tu, na wote wawili wanamkatisha tamaa kijana mwenye kamera ya kawaida na flashi moja ambaye angeweza kujaribu leo jioni. Mimi hizi picha napiga na nazipenda mno, kwa hiyo niseme wazi: kinachogandisha rangi sio kamera, ni flashi.

Tupige hesabu kidogo. Chukua spika ya besi, ipe mlio wa Hz 50 (yaani mitetemo 50 kwa sekunde), koni yake, ile sehemu ya mbele inayotetema, iende milimita 3 juu na milimita 3 chini. Inapopita katikati inakuwa na mwendo wa karibu mita 1 kwa sekunde, na inapogeuza, mchapuko unafika karibu mara 30 ya ule wa uvutano wa dunia, ndo maana rangi inang'oka. Ikiachiwa kwa mwendo huo inapanda kama sentimita 4 au 5 hivi na kufika kileleni baada ya kama 1/10 ya sekunde. Sasa kamera nyingi ukitumia flashi shata (kile kidirisha kinachofunguka kupitisha mwanga) inaishia 1/200 au 1/250 ya sekunde, na ndani ya 1/250 ya sekunde tone la mwendo huo limeshasogea milimita 4, yaani unapata ukungu mtupu. Lakini flashi ndogo ile ya kupachika juu ya kamera, ukiishusha mpaka 1/64 au 1/128 ya nguvu yake, nyingi zinawaka kwa karibu 1/20,000 ya sekunde, na hapo tone linasogea milimita 0.05 tu, nani ataona hiyo?

Wengi wanakosea hapo hapo, wanadhani flashi ikiwaka kwa nguvu zote ndo picha itakuwa kali, kumbe flashi hizi ndogo hupunguza mwanga kwa kuukata mapema, kwa hiyo nguvu ikipungua muda nao unafupika. (Flashi kubwa za studio baadhi yake zinaenda kinyume, ukizishusha muda unarefuka, uwe makini nazo.) Mwanga ukiwa mdogo sogeza flashi karibu kabisa, au funga mbili zifyatuke pamoja, pandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) iwe 400 au 800, zima taa zote, fungua shata nusu sekunde nzima gizani alafu flashi ifyatuke mara moja tu rangi ikiwa hewani. Na hili sio jambo la juzi. Mwaka 1851 kule London, William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alibandika ukurasa wa gazeti la The Times kwenye gurudumu linalozunguka kwa kasi, akapiga picha kwa cheche ya umeme, na maandishi yakasomeka! Harold Edgerton wa chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, mwaka 1957 akatoa ile picha maarufu ya tone la maziwa linalotengeneza taji, naye silaha yake ilikuwa flashi.

Rangi yenyewe ndo inataka uvumilivu. Ikiwa nzito mno inainuka kidogo tu na kurudi, ikiwa maji matupu inasambaratika vitone vidogo visivyo na sura, unataka iwe kama uji wa kunywa, ile inayomiminika ikaacha uzi. Funika spika kwa puto lililokatwa au nailoni ivutwe ikaze, gundisha kingo zote kwa selotepu maana rangi ikipenya kwenye koni spika imekwisha, alafu weka vijiko vichache vya rangi karibu karibu, usikoroge. Mlio uwe mfupi, chini ya nusu sekunde, kwa sababu besi kubwa ya mfululizo inaunguza koili (waya unaoisukuma koni) ya spika, na pia rangi ikitikiswa sana inageuka tope la kahawia. Rangi mbichi kila baada ya milio michache, hakuna njia ya mkato.

Na ukiikuza picha angalia nyuzi. Rangi inapanda kama kidole, kidole kinakonda shingoni, uzi unakatika kuwa matone, na mara nyingi kati ya tone kubwa na lenzake kunabaki katone kadogo kamoja. Hiyo ni kazi ya mvutano wa uso wa kimiminika, na mimi nikiletewa picha nikaambiwa ni ya kweli hapo ndo naanza kukagua.

Jambo moja linaniudhi, nalo ni maelezo yanayodai picha hizi zinaonyesha "umbo la wimbo". Sauti inaacha alama, sikatai, mwanafizikia Mjerumani Ernst Chladni alichapisha mwaka 1787 michoro ya mchanga unaojipanga kwenye sahani inayotetema, na mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831 akaonyesha kwamba kimiminika kikitikiswa juu chini mawimbi yake yanaenda kwa nusu ya mtikiso, yaani ukitikisa kwa Hz 60 yenyewe yanapanda kwa Hz 30. Lakini rangi ikisharuka hewani umbo linaamuliwa na uzito wake, kina chake, ulivyoikaza ile nailoni na sekunde gani flashi imefyatuka. Wimbo uleule ukirudiwa unapata umbo jingine kabisa, na mimi huo ndo utamu wenyewe.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo. Mkichapisha picha ya namna hii msiishie kuandika "maajabu ya sauti". Muulizeni mpiga picha mlio ulikuwa Hz ngapi, flashi ilikuwa kwenye nguvu gani na ilichelewa kiasi gani baada ya mlio, muandike mstari mmoja chini ya picha. Mwanafunzi wa fizikia akiukuta huo mstari ana pa kuanzia.

Msomaji wenu, mpiga picha