Subaru si gari la kelele tu

Mhariri,

Kila nikisoma kuhusu Subaru ni vijana na ekzosi zinazopasua usiku. Mimi ni mwalimu mstaafu, mjukuu huniita shosho, na naendesha Subaru Forester.

Tazameni nembo yake: nyota sita. Subaru ni jina la Kijapani la Kilimia, zile nyota ambazo wazee wetu walizitazama kujua majira ya kulima. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua," tuliwafundisha watoto. Nyota kubwa ni kampuni ya Fuji Heavy Industries, watengenezaji wa Subaru, iliyoundwa 1953. Ndogo tano ni kampuni zilizoungana kuizaa. Asili yao ni kampuni ya Nakajima, waliotengeneza ndege tangu 1917. Gari lao dogo, Subaru 360, lilitoka 1958. Ile injini ya boksa, yenye pistoni zilizolala zikitazamana, ilikuja na Subaru 1000 mwaka 1966.

Kulala huko ndiko hufanya gari litulie kwenye kona. Ndiko pia humfanya fundi agune akibadilisha plagi: zimejificha ubavuni, mkono haupenyi vizuri. Wenye gari hizi hutaniana kuhusu zinavyokunywa mafuta, ila msimu wa mvua, tope likifika nusu ya gurudumu na gari likapita, wote hunyamaza.

Na tusisahau dereva Colin McRae alivyoshinda mbio za Safari Rally za 1997 kwa Subaru Impreza. Nilisimama kando ya barabara, leso yangu ikageuka nyekundu kwa vumbi. Sijaifua ikatakata hadi leo.

Mwalimu mstaafu,
Nakuru