Barua ya Malalamiko: Kubadilishiwa Mshauri Nasaha Bila Kuulizwa

Kisauni, Mombasa
9 Juni 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: KUONDOLEWA KWA MSHAURI WANGU KABLA VIKAO HAVIJAISHA

Bwana/Bibi,

Mwezi wa Machi nililipa kwa M-Pesa shilingi 22,000 za vikao 10 vya ushauri nasaha kwa njia ya video. Sita nimefanya na mshauri mliyenipangia, cha saba na mtu nisiyemjua. Hicho cha saba ndicho kilichonikalisha niandike.

Nianze na mema, maana yapo. Mshauri wa kwanza alikuwa vile vile mlivyomtangaza: mama mtu mzima, miaka 14 katika kazi hii, nambari yake ya usajili iko wazi chini ya picha. Nilimfikia wiki saba baada ya kujifungua mtoto aliyekuwa ameshafariki tumboni. Nyumbani kila aliyekuja kunipa pole aliongeza kuwa Mungu atanipa mwingine. Yeye aliniuliza mtoto tulimwita nani. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nililia weee, naye akatulia tu pale kwenye kioo cha simu, hakuniharakisha wala hakuniambia ninyamaze.

Vikao nilivifanyia ndani ya tuktuk ya mume wangu, nyuma ya nyumba, maturubai yameshushwa, baada ya sala ya isha. Tuna vyumba viwili na mama mkwe yuko nasi. Faragha yangu ni hiyo tuktuk. Mtandao ulikatika mara kadhaa na silalamikii hilo, kwani tangu siku ya kwanza tulikubaliana video ikikwama atanipigia simu ya kawaida, na alipiga. Siku hiyo hiyo alichukua mahali ninapokaa na nambari ya dada yangu, ili nikizidiwa, naye yuko mbali, ajue wa kumwita. Huo ndio uzoefu niliokuwa nikiulipia.

Tulikuwa tumefika pazito. Nilikuwa nimeshikilia kwamba mtoto alikufa kwa sababu ya ndoo za maji nilizobeba. Akanielekeza niweke daftari: upande mmoja niandike ninayojiambia, upande wa pili ninayoyajua kwa hakika, kutoka kadi ya kliniki na maneno ya daktari. Kila baada ya vikao viwili alinijazisha lile dodoso la maswali 9 la kupima huzuni, ambalo alama zake za juu kabisa ni 27. Nilianza na 19. Kikao cha sita nilikuwa na 11. Cha saba tulipanga niisimulie siku yenyewe, pale wodini, niliponyoshewa mwanangu nimshike. Nilijiandaa wiki nzima.

Jumanne tarehe 27 Mei ukaingia ujumbe: "Mshauri wako amebadilishwa. Endelea kufurahia huduma zetu." Kesho yake usiku nikapanda tuktuk na daftari langu, nikamkuta kijana mmoja, mwenye adabu zake, akaanza hivi: "Karibu dada. Una watoto wangapi?"

Sikuweza kumjibu.

Simlaumu sana huyo kijana. Kama hamkumpa kumbukumbu zangu, mlimtupa gizani. Kama mlimpa, basi mlimpa bila idhini yangu, naye hakuzisoma. Kwa vyovyote kosa ni la ofisi yenu. Dakika ya 28 aliniaga, na programu ikaniomba nimpe nyota. Chini ya picha yake hapana nambari ya usajili, ilhali Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka kila anayefanya kazi hii Kenya awe amesajiliwa.

Nilipouliza, mashine yenu ilinijibu kwamba washauri wenu wote wana uzoefu sawa. Hata msusi akiacha kichwa nusu, anayekuja kumalizia hutazama kwanza mwenzake alipofikia.

Ninachotaka ni kurudishiwa mshauri wangu kwa vikao vilivyobaki. Ikiwa ameacha kazi kwenu, nipeni japo kikao kimoja cha kuagana naye, bila malipo, kisha mnirudishie shilingi 8,800 za vikao vinne, nikihesabu na hicho cha saba. Nionyesheni pia usajili wa huyo kijana. Na mniandikie ni nani wamefungua kumbukumbu zangu na zimekwenda wapi, haki niliyo nayo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sio wasiwasi wa bure: mwaka 2023 huko Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliiamuru kampuni moja ya ushauri wa mtandaoni ilipe dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja wake kwa makampuni ya matangazo. Nisipojibiwa, nitapeleka lalamiko langu kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Jina la mwanangu silitaji hapa. Limo katika kumbukumbu zenu tangu kikao cha kwanza.

Nangoja jibu la binadamu kabla ya tarehe 23 Juni. Mkipiga simu, pigeni baada ya isha.

Wenu,
Mteja (jina na nambari ya akaunti mnazo)